Kidonge cha Daku

Siku yangu ya kwanza kwenye stoo ya dawa ya zahanati, Mfamasia Mkuu alinifundisha kushika mshipa wa mkono. "Hesabu mapigo dakika nzima," akasema. "Mgonjwa wa digoksini akiwa chini ya sitini, humpi kidonge. Hata akikuapia."

Nilikuwa nimeacha shule darasa la sita, nimepasua mbao Matondoni, nimebeba mawe Wiyoni, sijatimiza mwaka popote. Hapa nilitulia kwa sababu kila kidonge kilinipa swali. Digoksini ni dawa ya cheti cha daktari. Hutuliza moyo unaopiga ovyo, ila kipimo kinachotibu na kinachodhuru vimekaribiana mno. Huliwa mara moja kwa siku.

Baadaye nikapewa kupeleka dawa vijijini. Mwaka mmoja, Ramadhani ikikaribia, watu wa Kipungani waliniuliza watazila vipi dawa zao. Nikawajibu barazani, mbele ya wote: "Kimoja futari, kimoja daku." Akilini nilikuwa na vidonge vya presha vya mara mbili kwa siku. Sikumuuliza Mfamasia.

Katikati ya mwezi nilimkuta Bi Zuhura, msuka mikeka, amejilaza kibarazani kwake.

"Natapika tangu alfajiri," akasema. "Na ukili huu sikuutia rangi. Mbona mato yangu yauona manjano?"

Ukili wa mkeka ulikuwa mweupe. Macho kuona manjano ni dalili ya digoksini kuzidi mwilini. Nikamshika mshipa: arubaini na moja, tena ukirukaruka.

"Bi, vidonge vya moyo wala vingapi kwa siku?"

"Viwili. Si wewe ulosema, daktari wa barazani?"

Nikampigia Mfamasia.

"Nani amemwambia viwili?"

Ningeweza kusema bibi amekosea. "Mimi," nikasema.

"Asile tena. Mlete sasa hivi, na asitembee. Yako tutayazungumza akipona."

Mimi na majirani tulimbeba na kitanda chake hadi kwenye boti. Sikuutoa mkono wangu kwenye mshipa wake mpaka hospitalini. Kila pigo likichelewa, nilijiona muuaji.

Alilazwa siku sita, akapona. Mimi nikaondolewa vijijini, nikafagia stoo hadi mwaka uliofuata.

Niliporudi barazani, Ramadhani ikikaribia tena, Bi Zuhura alikuwa mbele. "Haya, Bwana, mwaka huu watuua kwa dawa gani?"

Watu wakacheka. Nikapita nyumba kwa nyumba, pakiti kwa pakiti, kila ya mashaka nikimpigia Mfamasia. Kazi hiyo ikanichukua siku mbili.

Sasa nimestaafu. Watu hunisimamisha njiani waniulize dawa, nami huwaambia walete pakiti twende kwa mfamasia. Wanadhani uzee umenisahaulisha kazi. Waache wadhani.