Kiti cha Wateja Dukani kwa Ignace

Mtaa mzima wa Yeoville, Johannesburg, ulijua kwamba hakuna fundi anayekata nguo kama Ignace wa Bukavu, na hakuna fundi anayeikata halafu akaitelekeza kama yeye. Ukimpelekea kitambaa asubuhi, macho yanamng'aa, futi shingoni, chaki mkononi, na kabla hujamaliza kueleza unachotaka amekwisha kukata mgongo wa koti. Kisha anaingia mteja mwingine. Basi, koti lako limekwenda zake. Mwezi unaofuata utalikuta linaning'inia ukutani na mkono mmoja, katikati ya mashati yasiyo na kola na suruali zisizo na zipu, na Ignace anakuapia kwa jina la Mungu kwamba kesho liko tayari. Kinachoudhi ni kwamba hakuwa akidanganya. Aliiamini kabisa hiyo kesho.

Watu walimwita mvivu. Mtu anayefungua duka wa kwanza na kulifunga wa mwisho, mvivu vipi? Wazee wa kanisa walimwekea mikono wakaikemea roho ya uzembe. Naye alifunga na kuomba, akalia, akarudi dukani na nguvu mpya, akaanza gauni la mke wa mchungaji, ambalo nalo lilibaki bila pindo. Mkewe, Marcelline, alishachoka kugomba. Alijifunza kushona vifungo mwenyewe.

Lakini kidonda chenyewe kilikuwa kwa binti yao, Gaëlle. Alipokuwa mdogo alichaguliwa kuimba peke yake kanisani siku ya Krismasi, na baba yake akamwahidi gauni jeupe. Siku ikafika, gauni halijakwisha. Mtoto akasimama mbele ya watu na nguo iliyoshikizwa kwa pini mgongoni, na kila alipovuta pumzi pini zilimchoma. Hakulia, aliimba mpaka mwisho. Ila tangu siku hiyo hakumwomba tena baba yake amshonee chochote. Hata kifungo cha sare ya shule alimpelekea mama yake. Ignace aliona, na ilimuuma kuliko matusi yote ya wateja.

Aliyemfungua macho ni Emmy, nesi wa Kitanzania aliyeolewa hapa Johannesburg. Koti lake lilikuwa limelala dukani majira mawili ya baridi. Siku moja akiwa mapumzikoni aliingia, akavuta kiti cha wateja mpaka kando ya cherehani, akaketi, akatoa sweta aliyokuwa akiifuma.

"Mama Emmy, rudia kesho, koti itakuwa tayari," Ignace akasema.

"Kesho yako naijua, fundi. Sitoki hapa mpaka nilivae."

Hakumgombeza wala hakumwongelesha. Alifuma tu. Na koti likaisha kabla ya jioni: mikono, bitana, vifungo na yote. Ignace mwenyewe alipigwa na butwaa. Emmy alilivaa, akajitazama kwenye kioo, kisha akamtazama yeye.

"Baba Gaëlle, umewahi kumwona daktari kuhusu hicho kichwa chako?"

"Eish, mama! Miye sina wazimu!"

"Nani kasema wazimu? Mwanangu wa pili yuko hivyo hivyo. Si uvivu, wala si pepo. Ndivyo ubongo wenu ulivyo, na msaada wake upo."

Ignace alikuwa mtu mzima mwenye mvi, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba si mvivu. Ilibidi ajifanye anatafuta mkasi chini ya meza ili afute machozi.

Daktari alimuuliza maswali mengi, akamwita na Marcelline aulizwe pia, na Marcelline alikuwa na mengi ya kusema. Mwishowe daktari akalitaja tatizo kwa herufi nne za Kiingereza, yaani akili isiyotulia kwenye jambo moja, akasema alikuwa nalo tangu utotoni, akampa vidonge. Ignace akameza cha kwanza baada ya uji. Ilikuwa kama majirani wote wamezima redio zao. Akashona suruali moja ikaisha, akaikunja, akachukua nyingine. Nguo zikawa zinatoka ukutani moja moja, mpaka rangi iliyokuwa imefichika ikaonekana.

"Marcelline! Njoo uone, ukuta wetu uko kijani!"

Katika furaha hiyo ndipo alipothubutu. Ulikuwa mwaka 2018, Gaëlle yuko matriki, mwaka wa mwisho wa sekondari, na watoto wa hapa wakimaliza hufanyiwa dansi kubwa ambayo mzazi yuko radhi ajinyime ili mwanawe apendeze.

"Wacha nikushonee ile gauni," akamwambia.

Gaëlle aliacha alichokuwa akifanya. "Kweli, Papa? Ama itakuwa kama ile ya Krismasi?"

"Kweli, mama."

Binti akaleta satini ya zambarau aliyoichagua mwenyewe. Ignace akampima, akakata siku hiyo hiyo.

Alipokwenda kliniki tena, presha ilikuwa imepanda. Daktari akapima mara ya pili, akapima mkono mwingine, akavisimamisha vile vidonge, maana ndivyo vilivyoipandisha. Dawa nyingine ipo, alisema, lakini kwanza presha ishuke. Na redio za majirani zikarudi zote kwa pamoja.

Alasiri moja Ignace alijikuta anatengeneza mwavuli wa mtu aliyepita tu njiani, huku satini imelala vipande vipande mezani, imejaa pini. Akaziona zile pini, akaogopa. Angeweza kusema kesho, kama kawaida yake. Badala yake alikwenda nyumbani akamketisha binti yake.

"Gaëlle, ile dawa walinikataza. Kichwa imerudi kama zamani. Kamata satini yako, peleka kwa fundi mwingine kabla sijaiharibu. Sipendi pini zikutobole tena."

Siku zote Gaëlle alidhani zile pini ni siri yake.

"Papa, ulijua zilinichoma?"

"Nilikuwa naona. Kila ulivuta pumzi, nilikuwa naona."

Kesho yake baada ya shule Gaëlle aliingia dukani na sare yake, akavuta kiti cha wateja mpaka kando ya cherehani, akafungua kitabu cha historia.

"Mama Emmy alikaa, koti ikaisha. Na mimi niko na mitihani, nyumbani makelele. Sharp?"

"Sharp," Ignace akakubali, akaketi kwenye cherehani.

Wakawa hivyo kila alasiri. Ignace akiinuka kuufuata mwavuli, Gaëlle anainua macho tu kutoka kitabuni, naye anarudi kuketi. Mteja akiingia na kitambaa, Gaëlle anamwambia Papa yuko na kazi, arudi mwezi ujao. Pindo Ignace alilimaliza kwa mkono, taratibu, akafurahia kila mchomo wa sindano.

Siku ya dansi majirani walijaa mlangoni. Gaëlle alipitisha mkono mgongoni, kutoka shingoni mpaka kiunoni, polepole, kama mtu anayetafuta kitu. Kisha akamgeukia baba yake.

"Papa, hakuna hata moja."

Presha ilishuka, akapewa dawa nyingine isiyo na nguvu kama ile ya kwanza, lakini inasaidia. Ignace bado ni Ignace, na mwenye mwavuli anaendelea kungoja. Ila humshukuru Mungu, humshukuru Emmy, humshukuru daktari, na akishaanza kushukuru huchanganya majina.

Gaëlle sasa yuko chuo, mji wa mbali. Alasiri simu inaita, Ignace anaipokea na kuiegemeza kwenye kiti cha wateja. Hawaongei. Yeye anasikia kurasa zikifunuliwa, binti anasikia cherehani. Mteja akiingia akataka kuisogeza simu ili aketi, Ignace humzuia kwa mkono wenye chaki.

"Simama kidogo, ndugu yangu. Hapo kuna mtu."