Kichwa na Miguu Minne

Nyamvula alijua kupika, na hilo ndilo lililomponza. Alikuwa Mrabai wa Changamwe, na katika Wazungu wote aliangukia yule asiye na kitu: Ondrei, fundi wa magari, Mudmurti, watu wa kabila dogo la misitu ya Urusi. Ondrei alitekwa vitani, akaogopa kurudi kwao asije akaitwa msaliti, mwisho meli ikamtema Kilindini. Miaka kumi na tatu hakuwa na mtu wa kusema naye lugha yake. Nyamvula alijua neno moja tu, "tau", yaani ahsante, kwa kuwa aliambiwa hivyo kila baada ya kula.

Mwaka wa 1959 ikaja barua ya dadake: mama amefariki. Iliandikwa Kirusi.

"Hata dadangu ameiacha lugha yetu," Ondrei akasema, akaikunja.

Jumamosi alirudi kutoka Miritini na kichwa cha ng'ombe na miguu minne. "Pika, mke wangu," akasema, akaenda zake gereji. Hakuongeza neno, maana kwao hakuna mwanamke asiyejua. Nyamvula naye hakuuliza, maana pwani ni nani asiyejua supu ya makongoro? Akatwaa shoka, akapasua kichwa, akavunja miguu vipande vipande ili uboho utoke. Supu ikanukia mpaka kwa jirani.

Ondrei alifunua sufuria, akaketi chini, akalia.

"Kwetu mtoto humtolea marehemu mamake kichwa na miguu ya ng'ombe, mara moja tu maishani," alisema. "Nyama huliwa. Mifupa hubaki mizima, ikaimbiwa nyimbo za harusi, ikatundikwa mtini, ndipo mama apate ng'ombe wake huko aliko. Mimi nimempa vipande."

"Mbona hukunambia, mume wangu? Hata sisi twazilisha koma zetu, wazee wetu waliokufa!"

Hakumlaumu. Laiti angalimlaumu, roho ya Nyamvula ingalitua! Ondrei aliokota vipande vyote, akavitia kapuni, akalitundika jikoni. Tangu siku hiyo ile "tau" haikusikika tena.

Kifua kilimuua Ondrei wiki ya uhuru, mtaa mzima ukicheza ngoma. Nyamvula aliketi chini ya lile kapu. Alikuwa amekwisha kumuuliza mumewe zamani habari za sadaka ile, naye akamjibu: mama hutolewa ng'ombe, baba hutolewa farasi, na mtoaji ni mwanawe.

Farasi labda angepatikana. Mtoto hawakujaliwa.