Riyama na Kompyuta ya Ndani

Siku ya kwanza kumuona Riyama, alikuwa amepiga magoti chini ya meza akitafuta pa kuchomeka fleshi, na bosi wetu Abdulrazak amesimama juu yake akimwambia asiguse waya mwingine wowote. Mimi nilikuwa nimeleta chai. Akatoa kichwa, mtandio umejaa vumbi, akasema, "Shikamoo, kaka." Nikaitikia chini chini, nikaweka birika na kutoka. Sikuzoea kuamkiwa na watu wa kompyuta.

Ofisi yetu ilikuwa ya kutoa mizigo bandarini. Ni chumba cha chini katika nyumba ya mawe ya Mji Mkongwe, na dirisha lake moja lina nondo na linatazama ukuta wa jirani. Mchana tuliwasha taa. Mimi nilifagia, nilipika chai na kupeleka karatasi bandarini. Riyama aliletwa kwa ajili ya kompyuta.

Programu yetu ya mizigo ilikuwa ya zamani, haikubali kompyuta mpya. Basi fundi mmoja, ambaye baadaye alihamia Muscat, alikuja na fleshi, akaunda kompyuta nyingine ndani ya ile mpya. Haikuwa na sanduku wala nyaya, ni dirisha tu kwenye skrini, na humo programu ya zamani ikafanya kazi kama kwao. Riyama akiiita kompyuta ya ndani. Kasoro yake, haiwaki bila ile fleshi.

"Kile kipande cha kuiamshia alikiacha kwenye fleshi, hakukiweka kwenye diski ya mashine yenyewe," alinieleza siku moja. "Kama mtu katia mlango mpya, komeo kaligongomea kwa jirani."

"Na halirudishiki?"

"Linarudishika. Bosi hataki iguswe." Akapuliza chai yake. "Na mie sijamshikilia sana."

Abdulrazak hakuamini droo, kwa hiyo fleshi ilikaa shingoni mwa Riyama, imefungwa kamba, chini ya buibui. Ikawa haumwi, hasafiri. Harusi ya mdogo wake Nungwi aliikosa, kwa sababu meli ilikuwa inashusha. Mumewe, Mkubwa, alipolazwa hospitali, alikuwa anamwacha kitandani alfajiri, anakuja kuwasha mashine, halafu anarudi kumlisha uji. "Wewe ndiye unayeiweza," bosi alikuwa akimwambia, na ungedhani anamsifu.

Mkubwa akafariki. Tulimzika Kiembe Samaki, na Riyama akaingia eda huko huko, kwa mama mkwe wake, Bi Mwanakheir. Miezi ile mjane hatoki bila dharura, na wanaume wasio maharimu zake hawamuoni. Bi Mwanakheir alikuwa mtu wa kuyashika hayo sawasawa.

Asubuhi baada ya hitima bosi akanituma nikachukue fleshi. Bi Mwanakheir alinipa kwa mlango uliofunguliwa nusu. Nikarudi ofisini, nikaichomeka, nikabonyeza nilipomuona Riyama akibonyeza. Dirisha likawa jeusi, na maandishi meupe mstari mmoja. Nikazima, nikawasha. Yale yale.

"Mpigie," alisema bosi. "Mwambie nampelekea gari, vioo vyeusi. Nani atamuona?"

Simu aliipokea Bi Mwanakheir. "Eda haikaliwi ndani ya gari," akasema. "Mwambie huyo bosi wako."

Bosi alikuwa anasikia. Akainama kwenye simu. "Bi Mwanakheir, meli iko gatini. Asipokuja yeye nitatafuta mtu mwengine. Na kama atakuja, basi ni kila siku, mpaka eda iishe."

Hapo nikamsikia Riyama kwa mbali, "Mama, niwekee sauti kubwa. Nitamwelekeza kaka Shaame."

"Leo tu," alisema Bi Mwanakheir. "Kesho simu hii siitoi. Na wewe Shaame, useme ya kazi, usilete stori."

"Naam."

Bosi akaenda zake bandarini kuwatuliza wateja. Nikabaki peke yangu na ile taa.

"Kaka Shaame, imeandika nini?"

Kiingereza sikukijua, nikamsomea herufi moja moja.

"Inatafuta pa kuwakia, haioni. Fleshi imeshikwa na kompyuta ya nje. Zima lile dirisha. Juu kuna neno lenye U, S, B. Bonyeza, uikabidhi kwa ya ndani kwanza, ndiyo uwashe."

Nikafanya. Maandishi yakashuka kama mvua, na programu yetu ikatokea.

"Imewaka!"

"Alhamdulillahi," alisema Bi Mwanakheir. "Kateni basi."

"Mama, subiri. Kesho itataka tena." Riyama akashusha pumzi. "Kaka, fungua kile kidirisha cheusi cha pembeni. Nakutajia herufi, uandike kama ninavyosema, na nafasi nitakwambia."

Niliandika kwa kidole kimoja. Ikaniomba neno la siri, Riyama akanitajia. Nikabonyeza, nikabonyeza.

"Haiandiki kitu!"

"Inaandika, inaficha. Endelea."

"Huyu naye," alisema Bi Mwanakheir. "Hata kompyuta inamsitiri, yeye anapiga kelele."

Nikamsikia Riyama anacheka kidogo, akanyamaza upesi. Nikamaliza mstari. Akanifanya nimsomee wote tangu mwanzo, hasa jina la diski, lisije likawa la fleshi.

"Sawasawa," akasema. Nikasubiri aniambie nibonyeze.

"Bi Riyama?"

"Ukibonyeza hapo, komeo linarudi mlangoni kwake. Itawashwa na yeyote. Mie Abdulrazak hatonihitaji tena."

"Nisibonyeze?"

Nilisikia kuku uani kwao, na Bi Mwanakheir akijikohoza. Hata yeye hakutuhimiza.

"Usipobonyeza nitatolewa humu kila siku, kaka. Bonyeza."

Nikabonyeza. Akaniambia nizime, nichomoe fleshi, niwashe. Ikawaka yenyewe, bila kitu chochote pembeni.

Bosi aliporudi alisimama kuitazama. Akaniagiza niizime na kuiwasha mbele yake. Akatabasamu. Kwenye wiki ile ile akamkalisha pale mpwa wake, kijana aliyejua kuchapa tu, na akanituma Kiembe Samaki nikaseme kwamba Riyama asijisumbue kurudi, na Mungu ampe subira.

Nilisema hivyo hivyo, nimesimama nje, yeye yuko ndani nyuma ya pazia. Eda ilipokwisha kaka zake walimchukua Nungwi, na sikupata tena kusema naye. Lakini siku ile ya pazia nilikuwa nimejiandaa njia nzima kuongeza neno langu mwenyewe, na kwa mtu kama mimi si kazi ndogo.

"Na mie naacha," nikasema. "Kesho siendi."

Pazia lilitikisika kidogo.

"Uache uende wapi, kaka Shaame?"