Sindano ya Mtoto Ambaye Hajaja

Baada ya miaka kadhaa ya ndoa nilikwenda kituo cha afya, siku ya kliniki ya wanawake, kwa sababu mtoto alikuwa hajaja. Niliketi kwenye benchi katikati ya wajawazito, nikajifunika kitenge ili tumbo langu lisionekane lilivyo bapa.

Nesi alinisikiliza bila haraka. Alinieleza vipimo ambavyo mimi na mume wangu tulitakiwa kufanya, kisha akauliza kama nimewahi kuchanjwa pepopunda. Nikamwambia sina mimba. Akasema ndiyo maana anauliza sasa; nikikamilisha chanjo mapema, mtoto akija atazaliwa na kinga kutoka kwangu. Hakuna aliyewahi kumtaja mtoto wangu namna ile, kama mtu aliye njiani. Nikatoa mkono.

Jioni bega liliuma. Nililigusa mara kwa mara, na maumivu yale niliyapenda.

Tulikuwa tunaishi Isansa na mama mkwe wangu, kwenye shamba lake la kahawa. Majirani walikuwa wanasema chanjo hufunga kizazi, kwa hiyo sikumwambia. Lakini kesho yake, tukichuma kahawa, aliniona siwezi kuinua mkono kufikia matawi ya juu, akaniuliza. Nikamweleza, nikangojea ugomvi.

Aliweka kikapu chini. Akasema kabla ya kumzaa mume wangu alizaa mtoto wa kike, hapo hapo nyumbani, kitovu kikakatwa kwa wembe uliokuwepo. Siku za mwanzo alinyonya vizuri. Kisha taya zikakaza, na kila alipoguswa mwili wote ulikakamaa, mpaka akafa. Mume wangu hakuwahi kuambiwa.

"Alikuwa na nywele nyingi," alisema. Halafu akauliza, "Sindano nyingine lini?"

"Mwezi ujao, mama."

"Tutakwenda wote, mwanangu."

Tulikwenda wote. Nesi aliponichoma, mama mkwe ndiye aliyegeuza uso.

Chanjo zilizobaki nimezimaliza pia. Vipimo havikuonyesha tatizo kwangu wala kwa mume wangu, na mtoto bado hajaja. Juzi sokoni nilimkuta mama mkwe kwenye meza ya nguo za watoto, ameshika kofia ndogo ya sufu, akiinyoosha kwa vidole. Hakuniona. Nikarudi nyuma taratibu, nikaenda kumngojea kwa wauza vitunguu.