Gari la Kumbebea Baba Mkwe

Mimi ni mtu wa nyumbani. Safari yangu ndefu kwa wiki ni kutoka jikoni hadi kituo cha kupimia majani chai, na nikirudi huvua viatu na kujinyoosha kama mtu aliyetoka ng'ambo. Kwa hiyo nilipopata leseni ya udereva, mume wangu alicheka siku tatu.

"Utaendesha nini," aliniuliza, "sufuria?"

Lakini gari lilikuwa linanunuliwa, na dereva angekuwa mimi, apende asipende, kwa sababu ya nyonga ya baba yake. Mume wangu hufanya kazi Kisumu na sura yake huonekana nyumbani Ijumaa jioni. Baba mkwe, mgane wa miaka mingi, anakaa upande wa juu wa boma letu karibu na Ekerenyo. Kila Jumanne alitakiwa afike Kisii mjini kufanyishwa mazoezi ya mguu, na alikuwa anaenda kwa bodaboda. Alipoanguka mara ya pili, daktari alimwambia akianguka tena, chai yake ataitazama kupitia dirisha maisha yake yote yaliyobaki.

Gari lingemaliza shida hiyo, kama si chinsoni. Kwetu Wakisii, baba mkwe na mke wa mwanawe huheshimiana kwa umbali, na heshima hiyo ndiyo tunaiita chinsoni. Siingii nyumbani kwake, simpi mkono, hatukai kiti kimoja. Chakula nampelekea hadi mlangoni, nakohoa, naondoka. Miaka kumi na minne sasa, na sidhani tumewahi kutazamana usoni kwa muda wa kutosha kupiga chafya. Halafu tufungiwe wawili ndani ya bati, milango imelia *tik*, mpaka Kisii?

Mume wangu alipomgusia habari hiyo, mzee alijibu, "Heri bodaboda. Huko naona mgongo wa dereva, basi. Gari lina kile kioo cha katikati. Nitakaa nyuma, tuangaliane na mke wako mpaka hospitali?"

Mimi, ambaye huwa na jibu hata kabla ya swali, nikaenda kuosha sufuria.

Tukaenda yadi ya magari Kisii Jumapili moja. Muuzaji alikuwa ametupangia SUV tatu ndogo, rangi moja, umbo moja, kama watoto pacha waliolelewa na shangazi tofauti. Gredi ya chini ilikuwa na viti vya kitambaa na ufunguo wa kuzungusha. Ya kati ilikuwa na rimu za kung'aa na kitufe cha kuwashia. Ya juu, jamani, ilikuwa na viti vya ngozi, buti linalojifungua lenyewe, na dirisha kwenye paa.

Nilikuwa nimeapa kuchukua ya chini. Kitu chenye vitufe vichache, mtu kama mimi anaharibu vichache. Mume wangu naye alikwenda moja kwa moja kwenye ile ya juu, akafungua paa, akatoa kichwa na kuanza kupungia watu mkono kama mbunge.

"Shuka," nikamwambia. "Njoo hapa kwa ya chini. Kaa nyuma, ukae kama baba yako."

"Baba yangu hukaaje?"

"Kama mtu aliyeonea dunia haya."

Akakaa, mikono juu ya fimbo ambayo haikuwepo, midomo ameikaza. Nikaketi kwa usukani, nikatazama kioo. Pua ya ukoo mzima ilikuwa imejaa humo. Nikakigeuza kioo kitazame mlango.

"Madamu," muuzaji akasema kwa upole, "ukikigeuza hivyo, lori la nyuma utaliona likiwa tayari limeingia."

Tukahamia ya kati. Kioo ni kilekile. Nikamwambia mume wangu ajifiche nyuma ya kiti changu. Akajikunja hadi magoti yakagusa masikio, na bado jicho moja lilikuwa linanichungulia. Nikaanza kucheka. Muuzaji akacheka pia, bila kujua anacheka nini, kama wauzaji wazuri wote.

Kwenye ile ya juu, muuzaji alinyoosha kidole, akavuta kijiti kidogo chini ya kioo. Mume wangu akatoweka. Mahali pake pakatokea geti la yadi, mama mmoja amebeba mkungu wa ndizi, na mbuzi.

"Hii inatumia kamera ya nyuma ya gari," muuzaji akasema. "Haionyeshi abiria, inaonyesha barabara."

"Mimi niko wapi?" mume wangu akauliza.

"Hauko."

"Nimekaa hapa."

"Hauko, baba watoto. Kuna mbuzi."

Nilicheka mpaka nikalalia honi, na watu wa duka la jirani wakatoka nje. Nikasema tunachukua hii. Mume wangu akanipiga bega kwa furaha. "Nilijua hilo paa litakushika," akasema, nami nikamwacha na paa lake.

Jumanne ikafika, mzee akiwa ameshaambiwa na mwanawe kwamba kioo cha gari hili huonyesha barabara tu. Niliegesha mbele ya mlango wa baba mkwe, nikafungua mlango wa nyuma wa gari, nikaenda kusimama kando ya migomba, nikitazama bonde kama mtalii. Nikasikia fimbo, kisha pumzi nzito, kisha mlango ukifungwa. Nikarudi na kuketi, shingo imenyooka kama ya mtu aliyelala vibaya. Kiooni kulikuwa na kuku watatu na njia.

Nikabonyeza kitufe. Sauti ya mwanamke ikasema maneno mengi kwa Kijapani, kwa adabu sana.

Kisha huko nyuma: "Huyo mama yuko wapi?"

"Yuko ndani ya gari, baba. Huko Japani lilikotoka ndiko alikofundishwa kuongea."

"Anasema nini?"

"Sijui, baba."

Tulipofika barabara kubwa, akakohoa.

"Kwa hiyo hatuko wawili."

"Hatuko wawili."

Nikasikia kiti cha ngozi kikilalamika, alikuwa ameegemea. Tulipokaribia mteremko, akagonga fimbo sakafuni na kusema kwa Ekegusii safi, akimwambia yule mama wa Kijapani, "Mama, mwambie dereva kona hiyo aiendee polepole."

Nikapunguza mwendo.

Hospitalini nilifungua mlango, nikageukia ukuta na kusoma tangazo la chanjo mara mbili. Akachukua muda wake kushuka. Kabla hajaufunga mlango, nilimsikia akimuaga yule mama.

"Jumanne ijayo, saa mbili," akamwambia. "Na asichelewe."