Spoketi ya Meno Kumi na Sita

Mtaani walimwita Fundi Maji, na jina hilo lilimkaa vizuri kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akitengeneza pampu za visima: vya shule, vya mashamba, vya zahanati zilizotawanyika vilimani nje ya mji. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mikono minene na maneno machache. Vifaa vyake vyote vilipanda naye kwenye pikipiki, sanduku la spana nyuma, nyaya begani, kamba nene imezungushwa kwenye tangi. Pikipiki yenyewe haikuwa na makuu. Ilikwenda kwa mwendo wa mtu anayetoka kula, lakini haikuwahi kumlaza njiani hata siku moja.

Mumewe walimwita Rubani, kwa sababu enzi zake aliendesha lori kana kwamba lina mabawa. Lori hilo hilo ndilo lililomvunja nyonga. Huu ulikuwa mwaka wa tatu anatembea kwa gongo, na siku zake zilimwishia kwenye kiti cha plastiki mlangoni, simu mkononi, akitazama video za vijana wa mbali wanaofumua injini na kuzifunga upya zikatoka zinanguruma.

Juma moja Fundi Maji alichukuliwa kwa gari kwenda shamba kubwa kufunga pampu mpya. Kabla ya kuondoka alimwachia mumewe kazi moja tu.

"Pedi za breki ya nyuma zimekwisha. Mpya ziko kwenye droo. Nibadilishie."

"Hilo tu?" Rubani aliuliza.

"Hilo tu."

Aliporudi Jumapili jioni alikuwa hoi, akaoga akalala. Jumatatu asubuhi simu ililia kabla hajamaliza chai. Alikuwa muuguzi mkuu wa zahanati ya kilimani: pampu haivuti, tangi limebaki na maji ya kufunika kitako tu, na kuna mama wawili wodini wanaojifungua. Fundi Maji akasema atafika saa tatu. Akabeba sanduku, akatoka uani, akapiga kiki.

Pikipiki ililipuka kwa kelele hadi kuku wa jirani wakaruka ukuta. Rubani alikuwa amesimama mlangoni, anatabasamu kama bwana harusi.

"Nimekufanyia mshangao, mke wangu. Nimetoa lile boksi la chujio la hewa, nimeweka chujio la wazi. Jeti ya kabureta, kile kitundu cha kupitishia petroli, nimeweka kubwa zaidi. Bomba la moshi nimelitoa matumbo yote. Na spoketi ya mbele, ile inayovuta cheni, ilikuwa ya meno kumi na manne, sasa ina kumi na sita. Utaruka."

"Na breki?"

Tabasamu likamkauka. "Breki nitazifanya kesho."

Angekuwa na muda, angemaliza maneno yake yote pale pale. Lakini zahanati ilikuwa inangoja. Akatia gia akaondoka, meno yameumana.

Kwenye lami tambarare ilikimbia kweli. Tatizo lilianza ilipoanza milima. Ile spoketi ya kukimbilia ilikuwa imeiondolea pikipiki nguvu ya kupanda, na yeye alikuwa amebeba sanduku la chuma. Gia ya pili ikagoma. Ya kwanza ikakokota kama mgonjwa, ikabidi aibembeleze kwa klachi kila baada ya hatua chache, mpaka harufu ya klachi kuungua ikamjaa puani. Nusu ya mlima mvua ikashuka. Zamani boksi lingeikinga injini, lakini sasa chujio lilikuwa nje nje, la karatasi, likanywa maji kama sifongo. Injini ikakohoa mara tatu, ikanyamaza.

Fundi Maji alilifungua chujio, akalikung'uta maji, akafungua plagi, akaikuta nyeusi kama mkaa, imelowa petroli. Akaifuta kwa khanga, akairudisha, akapiga kiki hadi mguu ukamtetemeka. Ikawaka, ikaenda mita mia, ikazima. Akaisukuma. Alisukuma pikipiki yenye sanduku la chuma, katika tope, mlima mzima, na kwa kila hatua alikuwa anampangia mumewe maneno, akiyafuta, akitafuta makali zaidi.

Alifika saa nane mchana. Ndugu wa wagonjwa walikuwa wamejipanga mstari toka bondeni, wakipokezana ndoo. Mzee mmoja alikuwa anateka maji kwa kopo la rangi. Ndani, mtoto mmoja alikuwa ameshazaliwa, naye alioshwa kwa maji ya kununua dukani, chupa moja moja.

Hakuna aliyemlaumu. Muuguzi mkuu alimtazama matope yaliyofika kiunoni, akasema, "Pole, fundi. Pampu iko kule kule." Basi. Angetukanwa ingekuwa nafuu. Katika miaka kumi na tisa hakuwahi kuchelewa mahali palipo na mgonjwa, na sasa alikuwa amechelewa saa tano, kwa ajili ya video.

Kazi yenyewe ilimchukua dakika ishirini. Waya ulikuwa umekatika kwenye kisanduku cha umeme. Dakika ishirini tu. Alipoyasikia maji yakipanda kwenye bomba, machozi yalimlenga, na hayakuwa ya furaha.

Aliporudi nyumbani, mumewe alikuwa mlangoni pamoja na dada yake, wifi yake Fundi Maji, aliyeishi chumba cha nyuma.

"Imeendaje?" Rubani aliuliza.

"Boksi la chujio liko wapi?"

"Lipi?"

"Nililokuwa nalo."

Rubani akaangalia gongo lake. "Nilimpa mtu wa vyuma chakavu."

Fundi Maji hakupaza sauti. Wanaomjua wanasema hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Watu wamebeba maji kwa makopo. Mtoto ameoshwa kwa maji ya chupa. Mimi nimesukuma chuma mlima mzima nikiwa na breki zilizokwisha, halafu nimeshuka nayo kwa miguu, nikiizuia kwa mwili wangu. Uliwaza nitashukaje?"

"Nilitaka ikimbie, mke wangu."

"Nani alikuambia nataka kukimbia? Mimi nataka kufika."

Wifi akaingilia. "Wifi, mwenzio kafanya kwa mapenzi. Hujui tu. Ukienda kazini kwa gari za watu, huyu hukaa juu ya hiyo pikipiki hapa uani, anashika usukani, mchana kutwa. Ndiyo furaha aliyobaki nayo."

Hilo lilimchoma, hakukataa. Akamwona mumewe kama alivyokuwa, mtu aliyenyang'anywa miguu, akijitengenezea pikipiki ambayo hataiendesha kamwe. Lakini hasira haikushuka, ikabadilika tu mahali ilipokaa.

"Angeniambia," alisema. "Angesema, nipe hii nichezee. Ningemtafutia mkweche. Lakini hii ni mikono yangu. Kaikata mikono yangu akanifungia ya mtu mwingine, halafu anangoja asante."

Kisha akamgeukia mumewe. "Kesho utalitafuta hilo boksi. Wewe mwenyewe. Kwa gongo."

Rubani alikwenda. Alitoka baada ya chai, akarudi alasiri, shati limelowa jasho, mkononi ana boksi la pikipiki ya aina nyingine, lina ufa. Ndilo lililopatikana. Fundi Maji alilipokea. Aliuziba ufa kwa mpira wa tairi la baiskeli, akatoboa tundu jipya la boliti, akarudisha jeti ya zamani. Pedi za breki alizifunga mwanzo kabisa. Bomba la moshi halikuwa na dawa. Angetembea na ile kelele mpaka apate jingine.

Alipofika kwenye spoketi, Rubani alisema toka kwenye kiti, taratibu, "Usirudishe ya kumi na manne. Kuna ya kumi na tatu kwenye droo yangu. Itapunguza mwendo, lakini na mzigo ule itapanda vizuri zaidi."

Alitaka kumkatalia, kwa kuwa tu ni yeye aliyesema. Alishika ile ya kumi na manne muda mrefu, akiigeuza kwenye vidole vyenye grisi. Alijua mumewe yuko sahihi, na hilo likamuudhi upya. Akaenda kwenye droo.

Juma lililofuata alipita mlima ule ule, na sanduku, kwa gia ya pili. Pikipiki haikulegea. Funguo za pikipiki alikuwa ameanza kuzivaa shingoni kwa uzi, hata anapooga, na pale nyumbani hakuna aliyeuliza kwa nini.

Jioni Rubani alimsubiri mlangoni. "Inapanda?"

"Inapanda," alisema, akampita, akaingia ndani kuosha mikono.