Kila Stima Ikirudi

Cheka ukitaka. Kazini walicheka mpaka wakachoka, na mimi bado nasema: nilimwona kaka yangu Ochieng mchana kweupe, miaka mingi baada ya yeye kuzama ziwani, Usenge.

Maiti yake haikupatikana. Basi tulifanya kama inavyofanywa kwetu mtu akipotelea ziwani: tukazika tunda la yago, yaani mwegea, mahali pake, tukalia, tukatulia.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa fundi wa kompyuta katika kampuni moja ya samaki mjini Kisumu. Tulikuwa na mashine kuukuu ya Linux, betri ndogo ya saa yake ya ndani imekufa. Stima ikipotea, na Kisumu unaijua, mashine iliwaka ikiwa imesahau tarehe. Nyingine hurudi mwaka zilipoundwa. Hii kila mara ilirudi kwenye siku moja tu: ile aliyozama Ochieng. Nilijiambia ni sadfa. Niliandika amri ya kuweka tarehe sahihi, kisha nyingine ya kuihifadhi, nikaendelea na kazi.

Alasiri moja ya mvua stima ilipotea, ikarudi. Nikawasha mashine. Kuinua macho, Ochieng amesimama mlangoni, maji yanamtiririka.

"Omera, ndugu yangu," akaniambia, "hii kitu yako inanimaliza. Ukiwasha tu, mimi niko ndani ya boti tena. Hiyo siku bado hamjazika yago, sina kaburi. Nazama upya."

Nikaikimbilia kibodi. Nilipomaliza kuandika tarehe sahihi hakuwepo tena, ila sakafu ilikuwa imelowa.

Nilibadilisha betri jioni hiyo hiyo. Stima iliporudi kesho yake, tarehe ikawa ile ile. Nikapanga mashine ijirekebishe yenyewe inapowaka, lakini kabla amri haijafika zinapita sekunde chache za siku ile. Mtu anahitaji sekunde ngapi kuzama?

Nikaizima, nikaifungia stoo. Halafu nikaenda matangani kwetu, na huku nyuma mkubwa wangu wa kazi akaiuza pamoja na vyuma vingine vya zamani. Nimeitafuta kwa wauza mitumba wa Kisumu mpaka Ahero, sijaiona. Mama huniuliza kwa nini nalia stima ikirudi. Nimekata tamaa ya kuipata.

Kwa hiyo wewe uliyenunua kompyuta kuukuu, ikiwa kila ikiwaka inakuletea siku ile ile ya zamani, usijaribu tena kuiwasha. Chomoa waya. Nakuomba, kuna mtu ndani ya maji.